Ngiri mbili (shilingi elfu mbili) kila mwezi kwa gemu moja ya mtandaoni: kuna anayelipa hapa Nairobi na haoni hasara?

#1 Kijana_wa_Umoja

Habari zenu wadau. Nataka kusikia kutoka kwa waliolipa kwa pesa zao, maana wenzangu wa mtaani wanacheza kandanda ya PS kwa mbao (shilingi ishirini) na hawanielewi nikianza kusimulia.

Nimepata laptopu yenye kadi ya picha ya kuridhisha, na nimekuwa nikizichungulia gemu mbili: World of Warcraft (WoW) ya Blizzard na Final Fantasy XIV (FFXIV) ya Square Enix. Zote unalipa kila mwezi, dola 14.99. Dola ikiwa 129, hiyo ni shilingi 1,930 na kitu. Mimi ni karani wa duka la vipuri Kirinyaga Road. Pesa hiyo ni nauli yangu ya kama wiki mbili, Umoja hadi tao na kurudi.

Msimamo wangu ni huu, nipingeni mkitaka. Naona gemu ya ada ya mwezi ina haki kuliko hizi za bure za simu. Kwenye za bure mwenye pesa ananunua upanga na mimi nabaki kusaga meno. Kwenye ada sote tumelipa sawa, kilichobaki ni bidii. Ila nikipiga hesabu ya mwaka moyo unasita. Na kuna mambo sijayajua: intaneti ya hapa itanifikisha? Nikikosa pesa mwezi mmoja, mhusika wangu anafutwa? Na mtu anayefika nyumbani saa moja usiku atapata muda wa kuifanya hiyo pesa iwe na maana?

#2 Mhasibu_SouthB

Karibu. Acha nikukamilishie hesabu, maana 1,930 si bei utakayolipa. Huduma za kidijitali kutoka nje zinatozwa VAT ya asilimia 16. Ikiwekwa juu ya 14.99 unafika dola 17.39, yaani kama shilingi 2,243. Kwa mwaka ni karibu 27,000. Kisha kadi yako ina kiwango chake cha kubadilisha dola, na hakifanani na kile unachosoma gazetini. Ongeza pia kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5.

WoW ukilipa miezi sita kwa mkupuo, kila mwezi unashuka hadi dola 12.99. Lakini hiyo ni kwa mtu aliyekwisha jua anaipenda.

#3 Karani_wa_Milimani

Mhasibu, ile ya asilimia 1.5 iondoe. Ilianza Januari 2021 na ilikuwa juu ya mapato ya kampuni za nje, haikuwa ya mnunuzi moja kwa moja. Mwisho wa Desemba 2024 ilifutwa na ikaletwa nyingine inayolenga kampuni za nje zenye wateja nchini. Inayogusa risiti ya kijana wetu ni VAT.

#4 Mhasibu_SouthB

Sawa, 1.5 imetoka. Zile 27,000 hazikuwa na hiyo ndani, kwa hiyo zinasimama.

#5 BabuWaSeva

Kijana, umeuliza swali ambalo mimi nimelijibu kwa mfuko wangu kwa miaka mingi. Nilianza WoW wakati tunakaa saiba usiku kucha kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtandao wa kubeba kitu kama hicho.

Kwanza la haraka: usipolipa, mhusika wako hafutwi. Anabaki pale pale na silaha zake. Nimeacha kwa vipindi virefu na kila nikirudi namkuta. WoW pia inakuruhusu kucheza bure hadi kiwango cha 20, kwa hiyo unaweza kuonja bila shilingi.

La pili. Ili kujua kama ada ina thamani, tazama nani aliweza kuendelea kuitoza. WoW ilitoka Novemba 2004 na kufikia 2010 ilikuwa na waliojisajili milioni 12. Kila kampuni ikatamani ugali huo. Star Wars: The Old Republic ikaja Desemba 2011 na ada yake, mwaka haujaisha ikafungua mlango wa bure. The Elder Scrolls Online ikaja Aprili 2014 na ada, Machi 2015 ikaiondoa, sasa unanunua mara moja na ada ni hiari. WildStar ilikuja Juni 2014, ada ikawashinda, ikawa ya bure 2015, ikafungwa kabisa Novemba 2018. Watu walikuwa na pesa. Walichokataa ni kuzitoa kila mwezi kwa kitu kisichobadilika kila mwezi. Hizo mbili ulizozitaja bado zinatoza kwa sababu kila baada ya miezi michache kuna kipya cha kufanya, na kuna watu wa kukifanya nao.

Ukilipa WoW leo unapata matoleo yote ya nyongeza ya zamani isipokuwa lile jipya zaidi, ambalo linanunuliwa kando. Na ada hiyo hiyo inakufungulia WoW Classic, ile ya zamani iliyorudishwa Agosti 2019. Ni gemu mbili kwa ada moja, na wengine tunaishi kwenye ya zamani.

#6 Mpwa_wa_Rongai

Mzee heshima yako, lakini kwa nini umwambie alipe wakati FFXIV iko bure? Toleo lao la majaribio halina kikomo cha siku. Unacheza gemu nzima ya mwanzo pamoja na nyongeza ya Heavensward hadi kiwango cha 60, bila kadi, bila M-Pesa, bila chochote. Kuna watu wamekaa humo mwaka mzima.

#7 NyotaYaRoysambu

Ilikuwa 60, Mpwa. Tangu Oktoba 2023 ni kiwango cha 70, na nyongeza ya Stormblood imo ndani. Hadithi peke yake ni mamia ya saa.

Lakini tumwambie na masharti, asije akashangaa. Kwenye majaribio:

huwezi kushika zaidi ya gil 300,000 (gil ni pesa ya ndani ya gemu);
huwezi kutumia soko la wachezaji kununua wala kuuza;
huwezi kujiunga na chama cha wachezaji;
huwezi kuanzisha kundi lako mwenyewe, ingawa wengine wanaweza kukuingiza kwenye lao;
huwezi kumwandikia mtu ujumbe wa faragha wewe wa kwanza.

Na hili ndilo kubwa: ukishaiboresha akaunti kuwa ya kulipia, hairudi tena kuwa ya majaribio. Usiponunua mwezi unaofuata, unakaa nje kabisa. Kwa hiyo usibonyeze ununuzi mapema kwa sababu tu umeona punguzo la bei. Kamilisha bure kwanza.

#8 Fundi_Luthuli

Mmemwacha swali la intaneti, na hilo ndilo linaloamua hapa kwetu.

Seva za FFXIV za Ulaya ziko Frankfurt. Kutoka Nairobi hadi huko kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,000. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 60 hata ukiwa na faiba ya dhahabu. Na waya haunyooki. Unashuka Mombasa, unapita Bahari ya Shamu, Misri, Mediterania, ndipo unaingia Ulaya. Kwangu kwa kawaida pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi kwenye seva, inasoma kati ya milisekunde 150 na 180.

Sasa jambo ambalo watu hawaelezwi: hiyo inatosha kwa gemu za aina hii. Kwenye gemu za risasi, milisekunde 160 umeshakufa kabla hujamwona adui. Kwenye WoW, pigo moja hadi lingine lina pumziko la sekunde moja na nusu. FFXIV ni sekunde mbili na nusu. Nafasi ipo ya kubonyeza la pili kabla la kwanza halijaisha. Kinachouma kwenye FFXIV ni yale mapigo madogo yanayopenyezwa katikati, kila moja linakufungia mkono kidogo, na ukiwa mbali na seva unapenyeza moja vizuri, la pili linakuchelewesha. Ukichagua kazi (aina ya mhusika) zenye mapigo machache ya aina hiyo hutahisi sana.

Hofu yangu ni kukatika. Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu. Mei mwaka huo huo kebo za EASSy na SEACOM zikakatika siku moja, na Afrika Mashariki nzima ikakokota. Siku hizo ada yako inaendelea kuhesabiwa na wewe uko nje unatazama kiduara kinazunguka.

#9 Kijana_wa_Umoja

Fundi, asante sana, hilo la sekunde mbili na nusu sikuwahi kulisikia popote. Na stima je? Kwetu inapotea bila taarifa.

#10 Fundi_Luthuli

Laptopu ina betri yake, kinachokufa ni ruta. Njoo Luthuli utafute kibetri kidogo cha ruta, kile cha volti 12, kitakubeba saa kadhaa. Ukikatika katikati ya pambano la watu nane wenzako saba wanaumia, kwa hiyo hicho ni sehemu ya gharama ya gemu. Mhasibu akiweke kwenye daftari. Aweke na upakuaji: gemu hizi zinameza GB 100 na zaidi, usijaribu kwa bando la simu. Kucheza kwenyewe kunakula data kidogo sana. Ni kusakinisha na masasisho ndiyo yanayomaliza.

#11 Daresalamia

Wakuu salama? Niko Nairobi kikazi, naishi Kilimani, naomba niwapinge wote. Kama mtu anataka kulipa kwa ajili ya haki, aende EVE Online, gemu ya meli za anga za juu. Ukiiacha ya China, seva ni moja tu, iko London, wote tumo humo. Hakuna kusema mimi niko seva hii na wewe ile. Tatizo hakuna toleo la bure, lazima ulipe tangu siku ya kwanza.

#12 BabuWaSeva

Daresalamia, la bure lipo tangu Novemba 2016, linaitwa Alpha. Una mipaka ya ujuzi na meli, lakini unacheza. Wanaolipa ni Omega, na Mei 2022 ada yao ilipanda kutoka 14.99 hadi dola 19.99. Wengi walikasirika, wengine wakaondoka.

#13 Daresalamia

Shukrani mzee, mimi niliingia kabla ya hapo. Lakini hoja inabaki. Hawa jamaa wa Iceland wanaoitengeneza EVE mwaka 2007 waliajiri mchumi kabisa kusimamia takwimu za uchumi wa ndani ya gemu. Bei ya madini inapanda na kushuka kwa sababu wachezaji wamepigana mahali fulani. Mimi nilijifunza ugavi na uhitaji humo kuliko darasani, na leo nafanya kazi ya manunuzi. Pesa hiyo imenirudia.

#14 Mwalimu_Kayole

Nasoma uzi huu kwa makini na nataka kumshika mwenye uzi pale pale aliposimama: haki. Amesema kwenye ada sote tumelipa sawa. Kwa WoW hilo si kweli tena tangu 2015, walipoleta tokeni. Mwenye dola 20 ananunua tokeni, anaiuza mnadani kwa dhahabu ya gemu, na kwa dhahabu hiyo anaweza kununua vifaa au kulipa kundi hodari limvushe. Oktoba 2024 wakauza mnyama wa kupanda kwa dola 90, mwenye mnada na sanduku la barua mgongoni. Juu ya ada, juu ya toleo jipya. Basi niambieni, ada inanunua haki gani?

#15 Mpwa_wa_Rongai

Mwalimu amepiga mpira wavuni.

#16 BabuWaSeva

Subiri, usishangilie. Upande wa pili wa tokeni ni kwamba mwenye muda na asiye na pesa anainunua kwa dhahabu yake na kupata siku 30 za kucheza. Tajiri wa Ulaya analipa dola 20, mimi nachimba madini na kuuza potio, na mwezi wangu unalipwa. Kabla ya tokeni, dhahabu ilikuwa ikiuzwa vichochoroni na akaunti za watu zikiibwa kila siku. Mnyama wa dola 90 sikumpenda hata mimi, lakini hanipigi wala hanishindi.

#17 Mwalimu_Kayole

Mzee, unachimba madini kwa saa ngapi kufikisha bei ya tokeni? Saa hizo ukizifanyia kibarua chochote Nairobi zingekulipia ada na chenji ibaki. Hapo gemu imegeuka kazi ya pili yenye mshahara mdogo.

#18 BabuWaSeva

Ukiipenda kazi hiyo si kazi. Nachimba huku nasikiliza taarabu na kupiga gumzo na wenzangu.

#19 Konda_wa_Thika_Road

Wadau mmesahau Old School RuneScape. Naicheza kwenye simu, gari likikwama pale Roysambu nakata miti yangu. Seva yao inahesabu mwendo kila baada ya sekunde 0.6, kwa hiyo pingi ya huku haina shida hata kidogo, na data inayokula ni kiduchu. Kuna dunia ya bure, na kuna uanachama wa kulipia wenye ramani kubwa. Wana kitu kama hiyo tokeni, kinaitwa Bondi, kinakupa siku 14 za uanachama na unaweza kukinunua kwa dhahabu uliyoitafuta ndani. Mimi silipi pesa taslimu. Na tukiongelea haki: mabadiliko makubwa yanapigiwa kura na wachezaji kabla ya kuingizwa. Niambieni gemu nyingine inayofanya hivyo.

#20 NyotaYaRoysambu

Konda, ni wewe unayetuweka stendi dakika ishirini? Kumbe unakata miti!

#21 Konda_wa_Thika_Road

Dada, natazama abiria kwa jicho moja. Hilo gari litajaa tu.

#22 MamaWaWawili

Hamjambo. Mimi sichezi, nimeletwa hapa na kijana wangu wa kidato cha tatu aliyeniomba kadi yangu kwa ajili ya hiyo WoW likizo hii. Naomba mnieleze kwa lugha nyepesi: ni salama? Na kama nikilipa mwezi mmoja wa likizo, pesa itaacha kukatwa yenyewe?

#23 Mhasibu_SouthB

Shikamoo mama. La pesa: haitaacha yenyewe. Malipo ni ya kujirudia hadi uyazime. Ukilipa tu, ingia siku hiyo hiyo kwenye akaunti uzime kujirudia. Mwezi uliolipia atacheza mpaka uishe na hamtakatwa tena.

Na usimpe kadi ya benki. Tumia kadi ya GlobalPay ya M-Pesa, ile ya Visa ya mtandaoni iliyoanza 2022. Unaweka namba zake, na inakata kilichomo kwenye M-Pesa tu. Nasema hivi kwa uchungu. Kuna kampuni moja ya gemu iliendelea kunikata baada ya kusitisha, na kuipata pesa yangu kulinichukua barua pepe nyingi sana. Ningekuwa na kadi iliyo tupu wasingepata kitu.

#24 Karani_wa_Milimani

Hapo Mhasibu angalieni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio likiisha. Mtu akiwa nayo asidhani salio sifuri litamlinda kwenye kila malipo. Ajue kwanza ni malipo yapi inayafunika.

#25 Muuguzi_wa_Zamu

Mama, la usalama nikujibu mimi, kwa sababu ninacheza na vijana wa umri huo kwenye chama chetu. Marekani gemu zote mbili zimewekewa alama ya vijana, miaka 13 kwenda juu. Kuna mapigano ya upanga na uchawi. Hatari iliyopo ni mazungumzo na watu usiowajua. WoW ina udhibiti wa wazazi, unaweza kuweka saa za kucheza na kuzima mazungumzo ya sauti. Kaa naye siku ya kwanza muuweke pamoja.

Na kwa mwenye uzi. Hakuna aliyetaja sababu inayonifanya nilipe. Nafanya zamu za usiku hospitalini. Nikitoka, marafiki zangu wa hapa wako kazini, mtaa mzima umefunga milango. Nikiingia FFXIV namkuta mama wa Ureno anayelea watoto, kijana wa Cape Town, bwana mmoja wa Poland anayeendesha lori. Wananiuliza usiku ulikuwaje. Nilipofiwa na baba, walinisindikiza kwa maneno kila asubuhi hadi nilipoweza kurudi kazini.

Wengi mtakuwa mmesikia habari za Mats Steen wa Norway. Alikuwa na ugonjwa wa misuli, akafariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini ameishi maisha ya upweke mbele ya kompyuta. Baba yake alipoandika taarifa ya kifo kwenye blogu yake, barua pepe zikaanza kuingia kutoka kwa watu wa nchi mbalimbali aliocheza nao WoW, na wengine wakasafiri kwenda kumzika. Mimi silipii upanga. Nalipia mahali pa kukutana na watu, na kwangu pana thamani ya shilingi elfu mbili na zaidi.

#26 Mpwa_wa_Rongai

Pole kwa baba, dada. Umeniwekea uzito kifuani.

#27 Mkaguzi_wa_Mambo

Pole Muuguzi. Nitasema kinyume chako kwa heshima. Hilo ndilo linalonitisha. Kampuni imeshika mlango wa kukutana na rafiki zako, na inakutoza kila mwezi upite. City of Heroes ilifungwa Novemba 2012 na watu wake wakatawanyika. Ubisoft waliizima The Crew Machi 2024, na hiyo watu walikuwa wameinunua. Hununui chochote kwenye gemu hizi, unakodi. Nyumba za FFXIV ni mfano: usipoingia ndani ya nyumba yako siku 45, inabomolewa na kiwanja kinarudi sokoni. Kwa hiyo umekosa pesa mwezi mmoja na nusu, nyumba uliyoipigania imekwenda. Mtu anaendelea kulipa kwa hofu ya kupoteza, hata furaha ikiwa imeisha zamani. Nina binamu yangu hachezi tena, analipa ili nyumba isibomolewe.

BabuWaSeva alimwambia kijana hakuna kinachofutwa. Kwa FFXIV, nyumba inafutwa.

#28 BabuWaSeva

Nilisema mhusika, na nilikuwa naongelea WoW. Lakini la nyumba ni kweli, na ni vizuri limesemwa.

#29 Muuguzi_wa_Zamu

Mkaguzi, chama chetu kina kikundi cha mazungumzo nje ya gemu. Seva ikizimwa kesho, namba zao ninazo. Mlango nimeuwekea ufunguo wa pili.

#30 Mwanafunzi_Juja

Samahani naingilia kidogo. Nasomea afya ya jamii, na kuna mhadhiri alitufundisha kuhusu WoW darasani! Septemba 2005 kulikuwa na bosi (adui mkuu wa pango) anayeambukiza damu mbaya. Ugonjwa ulitakiwa ubaki kwenye pango lake, lakini wanyama wa wachezaji wakautoa nje, ukasambaa mijini, watu wa viwango vya chini wakafa kwa wingi. Wengine walikimbilia mashambani, wengine wakajitolea kutibu, wengine wakaambukiza kwa makusudi. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wakaandika makala kuihusu mwaka 2007.

#31 Daresalamia

Haya, EVE imenipa kazi na WoW imekupa mtihani. Ada imelipa tena.

#32 Mwalimu_Kayole

Turudini kwa kijana. Aliuliza la tatu na hakuna aliyeligusa: anafika nyumbani saa moja usiku. Vyama vya Ulaya vinaanza mapambano makubwa saa mbili usiku ya kwao. Wakati wa kiangazi chao hiyo ni saa tatu usiku Nairobi. Wakirudisha saa nyuma Oktoba inakuwa saa nne, na mapambano yanachukua saa mbili au tatu. Kirinyaga Road mnafungua saa ngapi asubuhi?

#33 Kijana_wa_Umoja

Saa mbili kasoro mwalimu. Natoka nyumbani kumi na mbili.

#34 Mwalimu_Kayole

Basi mapambano makubwa yafute, hasa Novemba hadi Machi. Ukiyaondoa hayo, unalipia hadithi na matembezi. Hayo FFXIV unayapata bure hadi kiwango cha 70. Unaona mahali hoja inapokwenda?

#35 NyotaYaRoysambu

Mimi nafanya kazi mchana na silali kwa ajili ya mapambano. Mapango madogo ya watu wanne yanachukua nusu saa, unapanga foleni, unaingia, unamaliza, unalala. Wiki ya FFXIV inaanza upya Jumanne saa tano asubuhi ya huku, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zinatosha kabisa kumaliza yangu. Usimfanye kijana aamini bila kukesha hakuna gemu.

#36 Mkaguzi_wa_Mambo

Jumamosi na Jumapili ni kama siku nane za mwezi. Kwa 2,243 ni shilingi 280 kwa siku. Dada, mbona hiyo ni mechi kumi na nne za mbao!

#37 NyotaYaRoysambu

Siku nane za saa tano tano ni saa arobaini. Shilingi 56 kwa saa. Kwenye PS mbao yako inaisha dakika kumi, na ukifungwa unatoka kitini. Piga hesabu upya, kaka.

#38 Mhasibu_SouthB

Hesabu zenu zote mbili ziko sawa.

#39 Kijana_wa_Umoja

Nawashukuru, nimejaza daftari. Nimeelekea hivi: naanza FFXIV ya bure, nanunua kibetri cha ruta kwa Fundi kabla ya kitu kingine chochote. Nikifika 70 ndipo niamue. La haki Mwalimu amenitikisa, ingawa bado naamini aliyelipa sawa na mwenzake ana cha kujivunia. Swali moja: mapango nitaingia kwa foleni, sawa. Lakini kama kwenye majaribio siwezi kujiunga na chama wala kuanza kumwandikia mtu, nitaipataje hiyo hali aliyoisema Muuguzi, ambayo ndiyo iliyonigusa zaidi?

#40 Muuguzi_wa_Zamu

Mimi nitakuandikia kwanza, ukishapokea unaweza kunijibu. Na kundi nitakuingiza mimi.

#41 Mkaguzi_wa_Mambo

Na ndivyo atakavyonunua kabla ya kiwango cha 40. Niiteni hapa akifika.

#42 Mpwa_wa_Rongai

Nami naanza naye, tuko wawili. Muuguzi, chama chenu kiko Chaos au Light, yale makundi mawili ya seva za Ulaya? Nataka kuchagua kabla upakuaji haujaisha, faiba ya jirani naazima hadi saa sita usiku tu.

#43 Muuguzi_wa_Zamu

Light. Chagueni dunia moja nyote wawili, mnitumie majina ya wahusika wenu hapa. Leo niko zamu, kesho asubuhi saa tatu nitawatafuta.

#44 BabuWaSeva

Na mkichoka na hadithi ndefu, WoW iko palepale. Hadi kiwango cha 20 hamlipi kitu.